Risasi Ndani ya Uji

Kazi yangu ilikuwa kufundisha akina mama kutwanga omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nikiwaeleza watu hivyo hucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya lishe na kukaa nyumbani Magunga karibu mwaka mzima, nikipalilia mahindi ya mama yangu na kutuma barua za kuomba kazi, mpaka nikachukuliwa katika utafiti mmoja wa chakula cha watoto wachanga. Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Watoto wengi wa upande wetu, wakishaanza kula, hupungukiwa damu kwa sababu uji wao hauna madini ya chuma ya kutosha. Omena wana chuma. Je, omena wakitwangwa wakawa unga, na unga huo ukatiwa katika uji wa mtoto kila siku, damu itapanda?

Aliyetuongoza alikuwa daktari wa watoto, mwanamke wa makamo aliyezoea kuvua viatu kabla ya kuketi na akina mama mkekani. Mkemia wetu alikuwa mtu wa Pwani, mpole, mwenye maabara ndogo mjini Homa Bay. Mimi nilikuwa wa kuzunguka vijijini na fomu na mifuko ya kukusanyia unga. Vijiji vilikuwa vya aina mbili: vya wavuvi huku kwetu Homa Bay, na kimoja cha wachimba dhahabu kule Migori. Mwenzangu mmoja alipewa vya wavuvi. Mimi nikapewa Migori.

Nilipenda kile kijiji tangu siku ya kwanza. Nyumba za mabati zilijipanga kwenye mteremko, na mbele ya karibu kila nyumba kulikuwa na rundo la mawe ya kijivu. Wanaume walishuka mashimoni, wakatoa mawe. Wanawake waliyaponda nyumbani mpaka yakawa vumbi, kisha wakalisafisha vumbi kwa maji kutafuta chembe za dhahabu. Mlio wa chuma kugonga jiwe ulianza asubuhi na haukukoma hadi jioni. Baada ya siku chache sikuusikia tena, kama mtu anayeishi karibu na mashine ya posho asivyoisikia.

Mama wa kwanza kutia sahihi fomu yangu alikuwa rika langu. Nitamwita mama mwenye kinu, kwa sababu majina nimeamua kuyaacha. Alikuwa na watoto watatu, na wa mwisho alikuwa msichana wa miezi minane mwenye mashavu mazito na macho ya kuuliza. Aliishi na mama mkwe wake, bibi ambaye nilimwita dani kama wajukuu wake walivyomwita. Mama mwenye kinu alikuwa mwanafunzi wa aina ambayo kila mwalimu huiombea. Alinirudishia kila nilichosema kwa maneno yake mwenyewe ili ahakikishe ameelewa.

Shida yetu ilikuwa namna ya kuwafanya omena wawe unga laini. Mwenye mashine ya posho pale sokoni alikataa kabisa kuwasaga. Alisema wateja wake watakula ugali unaonuka samaki mwezi mzima. Kwa hiyo ilibidi watwangwe nyumbani. Siku ya mafunzo tulikusanyika katika ua wa mama mwenye kinu. Jirani alileta kinu cha mti, lakini kilikuwa na ufa, na omena walibaki vipande vipande ambavyo vingeweza kumkwama mtoto kooni. Nilitwanga mpaka jasho likanitoka.

"Mwalimu, ngoja," akasema mama mwenye kinu. "Mimi niko na ingine."

Akaingia nyuma ya nyumba, akarudi ameinama kwa uzito wa kile alichobeba. Kilikuwa kinu cha chuma, alichotengenezewa na fundi wa jua kali pale Awendo kutokana na mabaki ya lori la miwa. Mtwangio wake ulikuwa pau nene ya chuma. Ndani kilikuwa laini na kinang'aa. Alikimwagia maji, akakisugua, akamwaga. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Kisha akakipangusa kwa leso safi aliyoitoa ndani. Niliwaonyesha wengine jinsi alivyofanya, nikawaambia huo ndio usafi tunaoutaka.

Omena wakawa unga kwa dakika chache tu. Niliuchekecha kwa kitambaa na hakukubaki kitu. Nikakoroga kijiko kimoja katika nyuka, yaani uji, nikauonja mbele yao, nikampa mtoto. Alikunywa akainua kichwa kutaka tena.

"Mmeona?" nikawaambia. "Hiki ni bora kuliko cha mti. Yeyote aliye na cha chuma atumie cha chuma."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu, kwa sauti ya kusikika na walioketi nyuma kabisa. Fomu ilikuwa na swali juu ya chombo cha kutwangia, na majibu yake yalikuwa mti, jiwe, chuma au kingine. Nikatia alama kwenye chuma, karibu kwa familia zote za kijiji kile, na nikafurahi kwamba majibu yanafanana.

Nimejiuliza mara nyingi nilidhani nini siku ile. Mawe yalikuwa pale pale uani, hatua tano kutoka nilipoketi. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba nilidhani wana kinu kingine cha mawe. Si kweli. Sikudhani chochote. Nilikuwa nimekuja kutazama uji, nikatazama uji.

Miezi ilipita. Kila wiki mbili nilipita nyumba kwa nyumba, nikachota unga wa omena kidogo kutoka kwenye kopo la kila mama, nikaandika mtoto amekula mara ngapi. Mama mwenye kinu hakukosa siku hata moja. Mtoto aliongezeka uzito vizuri. Kuna safari moja aliniambia binti analia sana usiku na choo chake ni kigumu, nikamshauri ampe maji zaidi na papai. Safari nyingine dani aliniambia, "Nyathina, mwanangu, huyu mtoto alikuwa ameanza kusimama akishika kiti, sasa ameacha." Nikamjibu kwamba watoto hutofautiana, asiwe na wasiwasi. Hayo pia niliyaandika, kwa mwandiko mzuri, katika sehemu ya maoni mengine.

Majibu ya kwanza ya maabara yalikuja kama habari njema. Daktari alinipigia simu akicheka. Unga wa kijiji cha Migori ulikuwa na chuma kingi kuliko ule wa vijiji vya wavuvi, kingi kwa mbali. "Wewe unawafundisha vizuri," akaniambia. Nilimsimulia mama yangu jioni hiyo hiyo.

Siku mbili baadaye mkemia akanitumia ujumbe kwamba nikiweza nifike maabara, na nije peke yangu kwanza. Nilifika kabla ya saa sita mchana. Alikuwa amepanga visahani vyangu vya unga juu ya meza, kila kimoja na karatasi yake. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za nyumbani, akauliza habari za mvua. Kisha akasogeza visahani kando, nami nikajua kuna jambo.

"Omena wa Migori na wa Homa Bay mnawanunua wapi?" akauliza.

"Pamoja," nikamwambia. "Gunia ni moja. Tunagawa nusu kwa nusu."

"Basi samaki ni wale wale. Mbona chuma cha Migori ni kingi hivi? Samaki hawezi kuongezeka chuma akiwa njiani." Alisogeza karatasi mbele yangu. "Nikaona bora niangalie na madini mengine, ambayo hatukuwa tunayatafuta. Tazama hapa."

Kulikuwa na mstari uliopanda na kushuka kama vilima. Aliweka kidole juu ya kilima kimoja chembamba kilichosimama peke yake.

"Hii ni risasi," akasema. "Sikuamini. Nikaosha vyombo vyote, nikarudia. Nikarudia tena. Nikapima omena wakavu wa gunia lile lile ambao hawajatwangwa: hawana. Nikapima unga wa wavuvi: hauna. Imo kwenye unga wa kijiji chako tu. Kwa hiyo imeingia baada ya samaki kufika kwako." Alisema taratibu, na hakunitazama usoni. "Dada yangu, hawa akina mama wanatwangia wapi?"

Nilikisikia kile kijiji chote kwa mara moja, ule mlio wa chuma juu ya jiwe niliokuwa nimeacha kuusikia. Mkemia aliinuka akaniletea maji. Nilimweleza juu ya kinu, nikamweleza na nilichowaambia akina mama. Hakusema lolote la kunilaumu. Alisema tu, "Mpigie daktari sasa hivi, na waambie waache leo."

Kesho yake asubuhi tulikuwa barabarani, daktari na mimi, katika gari la mradi. Simu nilizopiga siku iliyotangulia zilipatikana chache. Wengi huko hawana chaji mpaka jioni. Tulipita Rongo, tukanasa nyuma ya malori ya miwa kuelekea Awendo. Mimi nilikuwa nahesabu vijiko: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwa miezi yote ile.

Tulipofika, mama mwenye kinu alikuwa anaponda mawe. Kinu kilikuwa kati ya miguu yake, na vumbi la kijivu limemfunika hadi kwenye nyusi. Mtoto alikuwa ameketi juu ya gunia kando yake, akilamba vidole. Mama alipotuona alitabasamu, akainuka, akaanza kujikung'uta ili aje atusalimie kwa heshima.

"Mama," nikamwambia, "hiki ndicho kinu unachotwangia omena?"

"Ndiyo, mwalimu. Si uliniambia ni bora?"

"Na ndicho cha mawe?"

"Ni hicho tu niko nacho." Alinitazama, akamtazama daktari. "Lakini nakiosha. Mara tatu, vile uliona. Hakuna siku nimeacha kuosha."

Daktari alivua viatu, akaketi chini karibu naye. Alimweleza kwamba tumepima unga, na tunaomba kumpima mtoto damu, kwa sababu huenda ndani ya damu yake kuna risasi.

Dani, aliyekuwa mlangoni akichambua mboga, aliangusha ungo.

"Risasi?" dani akauliza. "Nani amempiga mtoto?"

Mama alikuwa ameshamnyakua binti na kumfunua nguo, akimpapasa tumboni, mgongoni, kichwani, akitafuta tundu. Sikuwahi kufikiria neno lile lingemfikiaje mtu ambaye hajasoma kemia. Daktari alimshika mikono akamwambia, kwa Dholuo safari hii, kwamba hakuna aliyempiga. Ni madini yaliyo ndani ya jiwe, pamoja na dhahabu. Hayana harufu wala ladha. Jiwe likipondwa yanabaki kwenye chuma, na maji hayayaondoi yote. Yakiingia kwa mtoto yanamharibia damu na akili polepole.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akakitazama kinu. Halafu akanitazama mimi, na hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Kwa hivyo ni mimi nilikuwa namlisha," akasema.

"Hapana," nikamwambia. "Ni mimi niliyekwambia."

Alimfunika mtoto vizuri, akaingia naye ndani.

Siku tatu zilizofuata tulichukua damu ya kila mtoto aliyekuwa katika orodha yangu. Tuliketi katika darasa la shule ya chekechea, muuguzi wa zahanati akichoma vidole, mimi nikiandika. Akina mama walikuja wamejipanga, wengine wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Kuna mmoja aliyenivuta kando, akaniinamia sikioni. Alitaka kuungama. Mtoto wake alikuwa amewakataa omena tangu wiki ya kwanza, na yeye kwa kuniogopa alikuwa ananiambia kila safari kwamba anakula vizuri. Unga wote alikuwa anawapa kuku.

Damu ya mtoto wake ilikuwa karibu safi. Damu ya binti wa mama mwenye kinu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Mkemia alipotusomea majibu nilimwomba arudie, nikidhani nimechanganya namba za vichupa. Sikuwa nimechanganya. Tulipoyaweka majibu kando ya fomu zangu, kila mama aliyenisikiliza sana alikuwa na mtoto mgonjwa zaidi, na kila aliyenidanganya alikuwa amemponya wake. Nilikaa mbele ya karatasi zile, na jambo hilo halikutaka kuingia kichwani. Mpaka leo kuna siku haliingii.

Watoto wachache walilazwa Homa Bay, binti yule akiwamo. Dawa ya kuyatoa madini yale mwilini haikuwapo. Iliagizwa Nairobi, na tulisubiri. Wakati tunasubiri, mtoto alipata degedege mara mbili. Nilikuwepo mara ya pili. Niliuona mwili mdogo ukikakamaa, na mama yake akisimama pembeni mikono kichwani bila kulia, mpaka ukalegea.

Baadaye siku hiyo aliniuliza, "Na maziwa yangu? Nayo iko na hiyo kitu?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilizuia ulimi, nikaenda kumwita daktari. Maziwa yalipimwa. Risasi kidogo ilikuwamo, maana yeye mwenyewe alikuwa akivuta vumbi kila siku, lakini daktari alimwambia aendelee kunyonyesha. Maziwa yake bado yalikuwa bora kuliko chochote tungeweza kumpa mtoto badala yake. Ila asimpakate na nguo za kazi, na anawe hadi kwenye viwiko. Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza mimi, si daktari, "Safari hii mmepima kweli?"

Nilimjibu kwamba tumepima. Aliomba aione karatasi. Hakuweza kuisoma, lakini aliishika muda mrefu.

Dawa ilifika, na mtoto alianza kupata nafuu. Mimi nilirudi kijijini kusema mbele ya watu wote. Daktari alikuwa amejitolea kusema badala yangu. Alisisitiza kwamba fomu ile aliitunga yeye, na yeye ndiye aliyesahau kuuliza kinu kinafanya kazi gani nyingine. Nilimshukuru, lakini sauti iliyowaambia watumie chuma ilikuwa yangu. Nilisimama pale darasani, nikawaambia niliwapa ushauri mbaya bila kuuliza, na watoto wao wameumia kwa ushauri huo. Nilijiandaa kutukanwa. Hakuna aliyenitukana. Bibi mmoja aliuliza, "Sasa tutasagia wapi?", na mkutano ukageuka kuwa wa kazi. Mwenye mashine ya posho aliitwa. Alipoelezwa, aliketi, akashika kichwa, akasema kumbe yeye alikuwa anaogopa harufu tu. Alikubali kusaga omena kila Jumamosi jioni baada ya wateja wengine, na akina mama wakakubali kumsafishia mashine.

Kuponda mawe hakukuisha, na sikutarajia kuishe. Ndiko wanakopata karo na unga. Wengi wamehamishia kazi hiyo chini ya mteremko, mbali na nyumba na watoto. Si wote. Mwanamke asiye na mtu wa kumwachia mtoto hawezi kwenda mbali.

Binti yule alitembea akiwa na karibu miaka miwili. Maneno yake ni machache kwa umri wake. Daktari anasema huenda atawafikia wenzake, huenda asiwafikie, na hapendi kuahidi. Kila baada ya miezi mitatu mama yake humleta Homa Bay kupimwa damu, nami huenda kuwapokea.

Safari ya mwisho walimaliza mapema. Mama aliniambia kwamba kwa safari zote hizo hajawahi kulifikia ziwa, huliona kwa mbali tu kutoka hospitalini. Tukatelemka hadi ufuoni, mahali wanawake wanapoanika omena juu ya nyavu. Mtoto alivuliwa viatu, akakanyaga maji, akashtuka kwa baridi, kisha akaanza kuyapiga kwa miguu. Akachota kwa kiganja na kukipeleka kinywani.

Mama alimrukia, akamkung'uta kiganja, akamfuta mdomo kwa pindo la gauni, ndani na nje. Alikuwa anahema.

"Mwalimu," akasema, "hii maji iko na nini ndani?"

Kulikuwa na watoto wengine wanaoogelea pale karibu, na mwanamke aliyekuwa anaosha sufuria. Nilitazama maji. Yalikuwa ya kijani kidogo, na jua lilifika chini mpaka kwenye mchanga.

"Sijui," nikamwambia.

Alimbeba mtoto, akachukua vile viatu, tukapanda pamoja kuelekea stendi.